Mlango wa Mbele wa Bi Drika

Aleida Wolterink aliujua vizuri mlango wa kupitia, ndiyo maana akaenda kusimama mbele ya ule mwingine.

Pale kijijini Lintelbroek hakuna mtu mwenye akili zake anayebisha mlango wa mbele wa nyumba ya shamba. Watu huzunguka nyuma, huvua viatu vya mbao kizingitini, na wakipiga hodi huwa wameshafika jikoni. Mlango wa mbele ni wa jeneza na wa bibi harusi. Kati ya jeneza na harusi unaweza kukaa umefungwa miaka mpaka buibui wakaufanya wao. Aleida alizaliwa ng'ambo ya mtaro, katika kinyumba cha matofali ambacho baba yake alikipanga maisha yake yote, kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa hayo. Alisimama pale makusudi, ndani ya koti lake la sufu la rangi ya maziwa, akamwambia dalali abishe.

"Kengele imekufa," alisema dalali. Aliitwa Maurits. Alikuwa mtu mzima mwenye nywele zilizopakwa rangi na viatu vyenye ncha, na tangu walipoacha barabara ya lami alikuwa akivitazama viatu hivyo kwa huzuni.

"Una mkono," Aleida alimjibu.

Maurits akagonga. Ndani, mbali kama nyuma ya kuta tatu, sauti ya mwanamke mzee ikauliza, "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Bi Hietbrink," Maurits akacheka. "Nimemleta mnunuzi."

"Mnunuzi azunguke nyuma kama watu."

"Mwambie mnunuzi hazunguki," alisema Aleida, si kwa sauti kubwa, lakini ya kutosha.

Kisha kiti kikaburutwa sakafuni, na ile sauti ikasema polepole, kama mtu anayeonja maziwa akiyahofia yameharibika, "Sauti hiyo naijua. Hiyo ni ya binti wa Gradus."

Aleida akatabasamu. Neno lililomleta pale lilikuwa na umri wa karibu miaka ishirini. Bi Drika Hietbrink alilisema katika jikoni lile lile, mbele ya mwanawe, mbele ya Aleida mwenyewe aliyekuwa ameshika sahani ya keki kama mjinga: binti wa Gradus, mtoto wa nyumba ya kupanga, hataupita mlango wangu wa mbele. Wiki ile ile Aleida alipanda treni ya Utrecht. Alisafisha vyumba vya wageni, baadaye akasimamia wanaosafisha, baadaye akanunua nyumba ya kwanza ya wageni, kisha ya pili. Na vuli hii, alipoona picha ya shamba la kina Hietbrink katika tangazo la nyumba zinazouzwa, hakulala mpaka alipompigia Maurits.

Hatua zikasikika juu ya kokoto. Mtu akatokea pembeni ya nyumba, akijifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi.

Wessel, mwana wa Bi Drika, alikuwa amenenepa kidogo mabegani na nywele zilikuwa zimeanza kuota mvi karibu na masikio. Macho hayakubadilika, na hilo lilimuudhi Aleida. Alikuwa amejiandaa kukutana na mzee.

"Ni wewe," alisema Wessel.

"Ni mimi."

"Maurits alisema ni kampuni."

"Ni kampuni. Ya kwangu."

Wessel aliutazama mkono wa Aleida uliokuwa kwenye kitasa cha mlango, kisha akamtazama usoni. Alimwelewa mara moja. Hilo nalo halikuwa limebadilika.

"Usijisumbue," akasema. "Haujafunguliwa tangu tulipomtoa baba. Bawaba zimeshikwa na kutu. Ukitaka kuingilia hapo leo, umeleta shoka?"

"Nikishanunua nitaleta."

"Basi kwa sasa chagua. Kuna mlango wa nyuma, na kuna mlango wa ng'ombe."

Mlango wa nyuma maana yake ni kupiga hodi kwa Bi Drika. Aleida akainua kidevu, akaelekea mlango wa ng'ombe.

Zizi lilikuwa chini ya paa moja na nyumba, kama ilivyo kote upande ule, lakini halikuwa na pumzi tena. Mabomba ya kukamulia yalining'inia makavu. Maurits alitangulia, akipima kuta kwa kifaa chake cha mwanga mwekundu, akisema kwamba hapa patatoka vyumba sita, tena vyenye boriti za asili, na wageni wa siku hizi wanazipenda boriti kupita kiasi.

"Nyumba hii ina roho," alisema.

"Ina panya pia," ilijibu sauti kutoka jikoni. "Andika na hao. Sheria inasema muuzaji asifiche kitu."

Wakaingia. Bi Drika alikuwa amekaa karibu na jiko, beseni la sukuma wiki mapajani, anachambua majani kutoka kwenye mashina. Alikuwa amekuwa mdogo, kama vazi lililofuliwa kwa maji ya moto. Hakusimama.

"Kaingilia mlango wa ng'ombe," alimwambia Wessel, kana kwamba Aleida ni hali ya hewa. "Kapita wa kwake."

"Na wewe bado unakaa kwenye kiti kile kile, Bi Drika," alisema Aleida. "Nilidhani watakuwa wamekitupa."

"Umenona mfuko, umekonda mwili. Huko mjini hamli?"

"Tunakula. Ila hatuchemshi mboga tangu asubuhi mpaka zikose jina."

"Hm."

Aleida akatembea jikoni polepole, akigusa vitu kwa ncha ya kidole. "Ukuta huu utaondoka," alimwambia Maurits. "Dari hili pia, linambana mtu kichwa. Vigae hivi nani alivichagua, kipofu? Na hii harufu. Tutaanza na harufu."

"Ni sukuma wiki," alisema Bi Drika.

"Ni miaka mia ya watu kukaa madirisha yamefungwa wakijiona bora kuliko wenzao."

Maurits akakohoa, akakumbuka kwamba hajapima stoo, akatoka. Bi Drika aliendelea kuvuta majani. Alipozungumza, alikielekeza kidole chake dirishani, ng'ambo ya mtaro, ambako kinyumba cha Gradus kilisimama kimepakwa rangi nyeusi tupu.

"Unawajua waliokinunua cha baba yako?"

"Siwajui."

"Hata mimi. Watu wa Jumamosi. Wanakuja Jumamosi, wanaondoka Jumapili. Wamechimbia uani beseni kubwa la maji ya moto. Wanakaa humo wanne wanne, wanaelea kama soseji kwenye sufuria, wananipungia mkono. Hapo karibu na jirani yetu Hemming nako wamenunua watu wa Jumamosi. Na kule kwenye kona. Jumanne kama leo, jioni, barabara nzima ni taa yangu na taa ya Hemming mzee. Wewe utaweka mabeseni mangapi?"

"Mawili," alisema Aleida.

"Mama," alisema Wessel.

"Namuuliza mnunuzi. Siruhusiwi?"

"Aleida, twende nikuonyeshe ghala," alisema Wessel, na kwa mara ya kwanza siku ile akalitamka jina lake. Alilitamka kama zamani, akiivuta herufi ya mwisho. Aleida alihisi kitu kikisogea kifuani, akakidharau kitu hicho, akamfuata.

Hawakufika ghalani. Walisimama zizini, kila mmoja upande wake wa mfereji ambao zamani ulikuwa ukipitisha mavi.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Niliwauza. Ulidhani nauza nyumba kwa furaha? Sasa natengeneza mashine za kukamulia za watu wengine. Mama anapelekwa mjini, kwenye jengo la wazee lenye lifti. Anasema lifti ni jeneza linalosimama wima."

"Masikini."

"Usimwonee huruma ukiwa umevaa koti hilo. Haipendezi."

"Sikuja na huruma, Wessel. Nimekuja kununua."

"Naona. Umekuja kama mtu anayenunua jogoo ili amchinje mbele ya mwenyewe."

Aleida akacheka kidogo. "Hukuoa."

"Nilikuwa na ng'ombe themanini."

"Mimi niliolewa. Haikukaa."

"Nilisikia."

"Na ulifurahi?"

Wessel aliegemea nguzo. Alikuwa akimtazama kwa namna ile ya kutulia ambayo zamani ilimfanya ajione ndiye kitu pekee kilichokuwa kinatembea duniani. Aleida alitazama pembeni.

"Uliniambia utanifuata," alisema. "Tukimaliza kuvuna mahindi, nitakuja. Maneno yako hayo. Nilikuwa na chumba kimoja Utrecht chenye dirisha linalotazama ukuta, na kila Jumapili nilikwenda stesheni kama mbwa aliyesahauliwa."

"Baba alianguka katikati ya mavuno. Upande mmoja wa mwili ukafa. Nani angekamua?"

"Simu zilikuwepo."

"Na kwako zilikuwepo."

"Mama yako alinifukuza."

"Mama yangu husema mambo kumi kwa siku. Wewe ulichukua moja, ukaondoka nalo kama mahari."

"Kwa hiyo ni mimi mwenye makosa."

"Sikusema hivyo."

"Hujawahi kusema lolote, ndiyo shida yako. Umesimama hapa miaka yote kama mti uliopandwa na mama yako." Akafunga kifungo cha koti lake. "Lakini hilo nimeshalisamehe. Ujana ni ujana. Kuna jambo moja ambalo sijalisamehe na ndilo limenileta. Siku ya mazishi ya baba, miaka minne iliyopita."

Uso wa Wessel ukabadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyekamatwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyepigwa pale pale palipokuwa pameshapigwa.

"Endelea," alisema.

"Nyumba yenu ndiyo jirani wa kwanza wa baba yangu. Alimbeba baba yako kaburini. Alimbeba babu yako. Usiku ng'ombe wenu wakishindwa kuzaa, ni nani mliyemwita? Halafu anakufa yeye, na hakuna hata mmoja wenu. Kanisa tupu. Mimi benchi la mbele, na nyuma yangu upepo. Amebebwa na watu sita wa kukodiwa, wamevaa glavu za kijivu. Mmoja alikuwa anatafuna chingamu, Wessel. Alimpeleka baba yangu kaburini akitafuna chingamu. Siku hiyo nilijua kwamba ninyi si watu. Ni magunia yaliyovalishwa viatu vya mbao."

Alidhani atajitetea. Wessel alikaa tu juu ya ukingo wa hori, akakikunja kile kitambaa cha grisi mara mbili, akakikunjua.

"Ulikuja kutuambia?" aliuliza.

"Kuwaambia nini?"

"Kwamba amefariki."

"Nilituma kadi. Kadi nzuri, yenye jina lenu."

"Naikumbuka. Tarishi aliileta pamoja na tangazo la mbolea." Akainua macho. "Aleida. Mimi nilikuwa nimevaa. Koti jeusi, kofia, viatu nimeving'arisha. Mama alikuwa ameoka mikate ya zabibu ya watu arobaini. Tulikuwa tumeshasikia kutoka kwa muuza mayai kwamba Gradus amefia hospitali. Tukavaa, tukakaa jikoni. Kwa Hemming walivaa, wakakaa. Kwenye kona walivaa, wakakaa. Barabara nzima ilikuwa ndani, imevaa nyeusi."

"Mkisubiri nini?"

"Hodi."

Aleida alimkodolea macho.

"Jirani wa kwanza haendi msibani kwa kadi. Kadi ni ya binamu walio Kanada. Jirani wa kwanza anaambiwa kwa mdomo, mlangoni kwake, na mwenye msiba. Akishaambiwa, msiba ni wa kwake. Yeye ndiye anayezunguka nyumba nyingine zote, yeye ndiye anayepanga wa kubeba, yeye anagonga kengele ya kanisa. Asipoambiwa, maana yake mwenye msiba amesema: nyinyi siwataki. Na sisi tusipoambiwa, hakuna mwingine anayeweza kwenda. Nani angewaambia?"

"Lakini bibi alipofariki majirani walikuja wenyewe," alisema Aleida. "Nilikuwa mtoto, nikawaona. Asubuhi tu walikuwa wamejaa uani. Hakuna aliyewaita."

"Uliwaona wakija," ilisema sauti ya Bi Drika. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kisu mkononi, akiegemea fremu. "Hukumwona baba yako akija. Alikuja alfajiri, wewe umelala. Akavuka ubao wa mtaroni, akazunguka nyuma, akavua viatu, na kofia mkononi. Akasema, Drika, nimekuja kukuarifu. Mama amefariki. Akashindwa kuendelea. Nikamkalisha kwenye kiti kile unachotaka kukitupa." Akashusha pumzi. "Na mama yako alipokufa alikuja vile vile. Gradus alikuwa mtu wa nyumba ya kupanga, ndiyo, na nilisema, na sikanushi. Ila alijua adabu kuliko wenye mashamba. Halafu binti yake ananitumia kadi. Mimi. Nikasema, sawa, amejifunza ya mjini, amelipiza. Mikate nikawapa kuku."

Stooni kifaa cha Maurits kilikuwa kinapiga mlio kila kinapopata ukuta.

Aleida alikuwa akiiona tena siku ile. Gari jeusi la kukodiwa, vioo vyenye ukungu, barabara iliyonyooka kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kukatwa. Na mbele ya shamba hili, kando ya lami, mtu mmoja aliyesimama kwenye mvua.

"Kulikuwa na mtu barabarani," alisema taratibu. "Ameshika kofia. Nilidhani anasubiri gari lipite avuke."

"Nilikuwa nasubiri gari lisimame," alisema Wessel.

Dharau ni kitu cha kuegemea. Miaka yote minne Aleida alikuwa ameiegemea bila kujua uzito aliokuwa akiutupa pale, na sasa ilipoondolewa alilazimika kushika bomba la kukamulia ili asimame wima. Akageuka, akatoka kwa mlango alioingilia.

Maurits alimfuata mbio akiruka madimbwi. "Nimezungumza na ofisi," alisema akihema. "Saini ni leo saa tisa, watatungoja. Na nimeona paa limeoza upande wa mashariki, tunaweza kuwashusha bei kidogo. Watu hawa wamechoka, mtu aliyechoka hashindani."

"Nenda, Maurits."

"Niende mbele, nikakusubiri?"

"Nenda nyumbani kwako."

"Na saini?"

"Waambie kampuni haina mtu wa kukaa hapa Jumanne."

Maurits hakuelewa, na hakuwa mtu wa kung'ang'ania kuelewa. Alirudi kwenye gari lake, akakanyaga kinyesi cha kuku, akaupangusa mguu kwenye majani kwa muda mrefu na kwa chuki kubwa, akaondoka.

Aleida alivuka ubao wa mtaroni. Ulikuwa mpya, watu wa Jumamosi walikuwa wameufunga kamba ya kushikia ili wasiteleze. Akasimama uani kwa baba yake, kati ya ukuta mweusi na lile beseni lililofunikwa turubai. Hapakuwa na chochote cha baba pale isipokuwa mti wa peasi, na huo nao walikuwa wameukata matawi mpaka ukafanana na mkono usio na vidole. Aliweka kiganja kwenye gome lake. Alikaa hivyo kitambo, mpaka alipohakikisha anajua anachokwenda kusema. Kisha akageuka, akauvuka ubao akitokea nyumba ya marehemu, kama inavyotakiwa.

Alipita mlango wa mbele bila kuutazama. Alipita mlango wa ng'ombe. Akazunguka nyuma, akavua viatu vyake vya ngozi vya Utrecht, akavipanga kizingitini kando ya viatu vya mbao vya Wessel, na kwa soksi zake akaingia jikoni.

"Hodi," alisema.

Bi Drika alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Wessel alikuwa amesimama karibu na jiko. Hakuna aliyemkaribisha, wala hakuna aliyemkataza.

"Bi Drika," alisema Aleida. Akaanza upya. "Bi Drika, Wessel. Nimekuja kuwaarifu. Baba yangu, Gradus Wolterink, amefariki."

Kisu cha Bi Drika kikasimama.

"Lini?" aliuliza.

"Majira ya baridi. Miaka minne iliyopita."

"Umechelewa."

"Nimechelewa."

"Sana."

"Sana, Bi Drika."

Bikizee aliliweka beseni chini. Alijisukuma kutoka kitini kwa mikono yote miwili, na Wessel aliposogea kumsaidia alimkata kwa jicho. Akasimama. Akajifuta mikono kwenye aproni, kwanza mmoja, kisha wa pili, kisha akampa Aleida wa kulia. Ulikuwa mkono wa majimaji na baridi wa kuchambua mboga.

"Jirani wa kwanza amesikia," alisema. "Wessel, vaa."

"Mama?"

"Vaa koti. Kazungukie nyumba. Kwa Hemming kwanza, ana masikio mabovu, piga kelele. Waambie Gradus Wolterink amefariki na kesho tunakwenda kaburini na kahawa itakuwa hapa. Watu wa Jumamosi usiwasumbue, hawapo. Wangekuwepo ungewakuta wanachemka."

Wessel alitoka, akarudi na koti jeusi. Lilinukia dawa ya nondo. Alilivaa mabegani, lakini vifungo havikukutana tena na matundu yake, na alisimama pale akivivuta, mtu mzima mwenye mvi, kama mvulana wa kwaya aliyekua ghafla. Aleida alijikuta anacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, yale yaliyokataa kutoka kanisani nyuma ya watu sita wenye glavu. Alimsogelea. Alikishika kifungo cha juu, akavuta pumzi, akakipitisha. Cha pili kilikataa kabisa. Vidole vyake vikabaki pale juu ya kitambaa, na chini ya kitambaa aliusikia moyo ukienda mbio kama mtu anayekimbilia treni aliyoikosa zamani.

"Ulisimama kwenye mvua," alisema kwa sauti ya chini.

"Haikuwa mvua kubwa."

"Ungepunga mkono."

"Gari la maiti halipungiwi, Aleida."

"Mtamaliza lini?" aliuliza Bi Drika. "Giza linaingia. Wewe binti wa Gradus, washa hiyo taa, kisha kaa umenye viazi. Bado unaweza, au kampuni ina mtu wa kukumenyea?"

Aleida akawasha taa ya dirishani. Ng'ambo ya mtaro kinyumba cheusi kilibaki kizani, na mbali kidogo, kwa Hemming mzee, taa nyingine ilikuwa tayari inawaka. Alikunja mikono ya koti lake la sufu, akaketi, akachukua kisu.

"Unamenya mnene," alisema Bi Drika. "Kama tajiri."

"Kisu ni butu."

"Kisu hakina neno."

Wessel alikuwa ameshafika kizingitini, anaingiza miguu kwenye viatu vya mbao, aliposikia anaitwa.

"Wessel. Ukifika kwa Hemming, azima ile chupa ya mafuta ya bawaba. Bawaba za mlango wa mbele zinahitaji kulowa wiki kadhaa, nazijua."

"Za nini sasa, mama? Gradus ameshazikwa. Hatatolewa kwa mlango ule."

"Nimezeeka, sijawa mjinga. Gradus najua alipo." Bi Drika alivuta jani la sukuma wiki kutoka kwenye shina lake, akalitazama kwa dharau, akalitia kwenye beseni. "Nimesema mafuta."

Kisu cha Aleida kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi. Wessel alikuwa amesimama nusu ndani, nusu nje, kifungo kimoja tu kimefungwa, anamtazama.

"Na wewe menya," alisema Bi Drika. "Viazi havijimenyi kwa watu kuangaliana."